Bakuli la Futari Lililorudishwa Njiani

Zuhura mwanangu,

Huku ugenini Al Twar tu wazima, ila mdogo wako anaota meno, hata kusinzia sisinzii. Umeniuliza kama uhame kutoka kwa kaka yako unakoishi huko Marekani, kwa vile hakwenda kupiga kura na mgombea wenu kashindwa.

Nilipokuwa mdogo, babu yako naye alimlaumu kaka yake kwa kuwapa kura wapinzani. Ramadhani ikafika, nikabeba bakuli la tambi kumpelekea baba mkubwa kama kawaida. Babu yako akafoka, "Rudi! Mgombea wake amfuturishe!" Nikarudi.

Baba mkubwa alipofariki, mkewe aliniambia kuwa kila magharibi ya Ramadhani ile mumewe alikuwa akichungulia mlangoni: "Kachelewa leo huyu mtoto."

Mpaka leo ikiadhiniwa magharibi, natamani nipige hodi kwenye mlango ule. Usihame, mama. Mpikie, mgombane mkishashiba.

Mama yako mdogo