Mlimani Hakuendwi Kimya

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nimechoka. Ratiba ya wageni wa tarehe ishirini nimeiandika mara ya sita leo. Watu wanane, wanataka "tamaduni za milimani". Siku ya kwanza michoro ya mapangoni Kolo. Siku ya pili kwa Wasandawe, tambiko la mvua. Gerson, bosi wangu, anataka saa. Saa! Nimemwambia tambiko halina saa, wazee wakikubaliana ndiyo siku hiyo. Akasema mgeni hapandi ndege kwa "wazee wakikubaliana". Naye ana haki yake, ndiyo maana kichwa kinaniuma.

Wazee wamekubali wageni kwa ajili ya marehemu mama tu, mtu wa kwao. Mama mdogo Stumai ndiye aliyetuombea. Aliwaambia mtoto wa dada yake hawezi kuleta watu wa hovyo. Kesho naenda huko na dereva, Sostenes, kukagua njia.

Jumanne, 12 Novemba

Tuliacha lami Chemba, kuanzia hapo vumbi mpaka kwenye meno. Kukavu! Mbuzi wanatafuna maboksi. Tulipitia kwa mama mdogo, tukaambiwa yuko mnadani. Ningemsubiri. Sikumsubiri — Sostenes anatazama saa, magoti yananiuma, nilitaka kumaliza nirudi nyumbani.

Tukazunguka na gari hadi upande wa pili wa mlima, watakakopandia wageni. Tukapanda wawili tu mpaka pangoni, panapofanyiwa tambiko. Mlangoni pana kivuli kizuri. Nikasogeza mawe matatu ili viti vipate kukaa. Nikapiga picha kumi na mbili. Tukashuka.

Niandike na hili, maana hakuna anayesoma. Mlima ule hauendwi kimya. Unapiga kelele tangu chini, unataja jina lako, la mama yako, la bibi yako, ili waliomo wasishtuke. Waliomo ni wale waliotutangulia. Mama alinifundisha nikiwa mdogo. Hata hapa Kikuyu, Dodoma mjini, alikuwa akipiga hodi tangu barabarani, majirani wanacheka, mimi najificha jikoni.

Nilijua kabisa. Nilimwonea aibu Sostenes. Mama mzima wa miaka arobaini na saba, kitambulisho cha ofisi shingoni, niyapigie mawe kelele? Nikapanda kama mwizi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama mdogo amepiga simu. Jana wazee walipanda kusafisha pango, wakakuta nyayo, na mawe yamesogezwa. Mtu ameingia bila hodi. Tambiko limesimama mpaka ajulikane. Nikauliza wanamshuku nani. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Hashimu!

Hashimu ni mkwe wake, kamwoa binti yake. Mrina asali. Nyuki wadogo hukaa chini ya mawe, na arinaye ndiye afukuaye mawe. Basi nani mwingine? Amekana. Ameapa. Hawamwamini. Nikajaribu kusema labda ni mtu wa nje, mbona hata sisi tulifika Jumanne. Mama mdogo akacheka kwa uchungu. Akasema, "Wewe mwanangu nakujua, huwezi kupanda bila sisi."

Nikasema, "Pole, mama." Basi. Pole!

Jumamosi, 16 Novemba

Hata uji umenishinda.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimemweleza Gerson yote. Alifunga mlango wa ofisi, akanivutia kiti, mpole kuliko siku zote. Akasema, "Raheli, kwani umeua? Kaa kimya mpaka wageni waondoke." Akasema kuna kikundi cha ngoma Kondoa. Watacheza chini ya mlima, tutaita tambiko, wageni hawajui tofauti.

Kibaya zaidi, nilifurahi. Kama saa nzima hivi nilikuwa mtu mwepesi. Nikaiandika ratiba mara ya saba: "Saa 4:00 asubuhi, tambiko la mvua." Saa imepatikana!

Jioni simu tena. Hashimu ameamriwa ashushe mizinga yake yote mlimani. Kisimani wanampisha kama mwenye ugonjwa. Na mchana lilikuja wingu, mama mdogo anasema, zito kabisa, likasimama juu ya kijiji, likapita. Watu walilitazama mpaka likaisha, kisha wakamtazama Hashimu.

Alikuwa amekaa mlangoni na mtoto wake mdogo mapajani. Akanyanyuka, akaingia ndani.

Jumanne, 19 Novemba

Nimesema. Nimesimama stoo ya ofisi, kati ya mahema na majiko ya gesi, nikapiga simu. "Shikamoo, mama. Ni mimi niliyepanda."

Akaniuliza nilipanda na viatu? Ndiyo. Nilipiga kelele? Hapana. Kisha, polepole, "Mama yako hakukufundisha?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Ningeweza kusema hakunifundisha. Marehemu hajitetei, na mimi ningeonekana mjinga tu, mtoto wa mjini. Lakini nimeshamtia Hashimu matatani, nimtie na mama? Nikasema alinifundisha. Nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Akaniagiza nifike Alhamisi, mbele ya watu wote. Nikauliza kuhusu wageni. "Wakae kwenye gari lao. Mwaka huu hawapandi."

Gerson amesema nikiiharibu safari hii nisirudi ofisini. Miaka kumi na mmoja. Nimechoka hata kubishana.

Alhamisi, 21 Novemba

Saa tatu asubuhi. Nimekaa chini ya mlima, viatu nimevua. Wageni wako barabarani na Sostenes. Nimewaeleza mwenyewe kwa nini hawapandi. Mmoja ameudhika, wengine wamerudi garini. Gerson amepiga mara tisa.

Wazee wamekwisha kuniambia la kufanya. Nitangulie peke yangu, mpaka juu, nikitaja jina langu, la mama, la bibi, na nilichofanya. Wao watafuata nyuma. Nikinyamaza njiani, nirudi chini nianze upya.

Jina la bibi lina ule mlio wa ulimi wa Kisandawe, unaokatika kama kijiti kikavu. Utotoni mama akinifundisha nilikuwa nacheka. Mama mdogo amenirudisha mara tano asubuhi hii. Linatoka bovu. Anatikisa kichwa, tunaanza tena.

Hashimu amekaa mbali kidogo, kofia mkononi. Amekonda. Nilimfuata nikamwambia, "Shemeji, nisamehe." Akajibu bila kunitazama, "Usiniambie mimi hapa chini. Kaseme kule juu, wasikie wote."

Mbuzi mweusi wa tambiko ameletwa. Watu wamejaa, hata watoto wa shule, na hakuna anayekohoa. Mama mdogo ananyoosha mkono achukue daftari. Ananiambia nisithubutu kunong'ona. Simu inaita tena, na mpaka sasa hiyo ndiyo kelele pekee iliyotoka kwangu —