Kamba ya Mafundo Uliyozikwa Nayo

Baba Hadija,

Sijui barua ya mtu aliye kaburini huanzwaje. Nikikuuliza hali, najidanganya. Nikikupa shikamoo, hakuna wa kuniitikia marahaba. Basi nianze na kosa langu, maana ndilo linalonila: nimekuzika na kamba yako ya mafundo. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Siku ile ulipokata roho nyumba ilijaa watu hadi barazani, na mimi nilikuwa sijitambui. Jirani yetu Bwana Ramadhani, fundi cherehani, akaja mlangoni akasema, "Mama Hadija, tupe kamba tumpime marehemu, wachimba kaburi wanangoja." Nikaingia karakana, nikaona kamba ya katani inaning'inia msumarini, nikampa. Hata sikuitazama! Kamba uliyonikataza miaka yote nisiianikie hata kitambaa. Wakakupima kichwa hadi nyayo, wakaikata hapo, wakaenda nayo makaburini. Na desturi yetu ya hapa Majengo unaijua, kipimo cha maiti hakirudi nyumbani. Kilifukiwa pamoja nawe.

Nilikuja kushtuka siku ya tatu, baada ya hitima, nilipofagia nikakuta kipande kilichobaki. Kina mafundo mawili tu, yale ya mdomo wa pembe. Ya shingo yote umekwenda nayo. Nilipiga yowe, wanawake wakanishika wakidhani uchungu wa mume umenipanda upya. Ulikuwa huo, lakini haukuwa peke yake.

Kwa wengine ilikuwa kamba. Wewe na mimi ndio tuliojua kwamba kila shibiri ya pembe ya kipaza sauti ina nafasi yake kati ya fundo na fundo, na nafasi hiyo ndiyo upana wa mbao mahali pale. Nyembamba shingoni, panapofungwa karatasi yenye koili ya waya na sumaku, kisha inapanuka taratibu hadi mdomoni, sauti inapotokea. "Ukikosea fundo moja, pembe inakoroma." Uliniimbia maneno hayo mpaka nikachoka.

Nakumbuka jinsi yalivyoanza. Ulikuwa seremala wa vitanda, ukaitwa na yule Mhindi mwenye sinema umtengenezee sanduku la kipaza sauti kilichotoka Ulaya. Ulirudi nyumbani huna habari ya chakula, una kitabu cha michoro mkononi, kimechanika jalada, amekupa bure. Kiingereza hukijui hata cha kuombea maji, ila ile mistari ya wahandisi ilivyojipinda uliikodolea macho wiki nzima. Halafu ukaanza kubishana nao, sahani iko mbele yako! "Hawa mabwana hesabu wanajua, lakini hawajasimama uwanjani Kibosho, kule mlimani, ukungu umeshuka. Kipaza sauti chao kinapiga kelele, hakisemi." Nami nakuambia, "Kula, Baba Hadija, wahandisi wa Ulaya hawakusikii." Ukacheka. Mimi nikashona kingo za karatasi kwa ngozi laini ya mbuzi, nikazungusha waya wa shaba mwembamba kama unywele, ukasema vidole vyangu vina akili kuliko vyako. Hujawahi kuninunulia kanga iliyonifurahisha kama neno lile.

Miezi minne na siku kumi nilikaa eda nikiiwaza kamba. Ilipoisha, safari yangu ya kwanza ilikuwa makaburini. Nikatazama huku na huku, hapana mtu. Nikapiga magoti upande wa kichwa nikaanza kufukua. Kwa kucha, mume wangu! Nilifika kina cha kiganja, udongo ukawa mbichi, ndipo nikakumbuka ni nani aliyelala chini. Astaghfirullah. Niliurudisha udongo nikausawazisha, nikaondoka mbio kama mwizi. Hili sijamwambia mtu, hata mwanetu. Nisamehe.

Haikupita wiki, Mwalimu Aloisi katekista akashuka kutoka Kibosho. Ile pembe uliyowatengenezea ilianguka kwenye lori katika barabara yao mbovu, ikapasuka vipande mtaroni, na wewe ukiwa kitandani unaumwa uliwaahidi nyingine kabla ya Pasaka. Alivua kofia, akanipa pole vizuri, akaitazama ile yako ya kwanza, ya mbao ya mringaringa, uliyokataa kumuuzia mtu yeyote. Akasema, "Mama, Padri anaomba hata hiyo iliyopo. Watu wa nje ya kanisa hawasikii neno." Ningempa, mambo yangekwisha. Sauti yako ingekuwa inasikika mlimani mpaka sasa. Lakini kiburi kilinipanda. Nikamjibu, "Mwambie Padri, fundi hakufa na kazi yake. Nitawatengenezea mpya." Nasema hivyo nina mafundo mawili mkononi!

Nilijaribu kwa kukisia mara tatu. Ya kwanza ilitoa sauti ya jogoo mwenye mafua. Ya pili na ya tatu zilikoroma. Kuipima ile ya zamani kwa ndani sikuweza, mkono hauingii shingoni. Basi Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini, nikaegemeza pembe yako ukutani, nikachukua msumeno wako, nikaipasua kwa urefu, kuanzia mdomoni hadi shingoni. Nililia tangu jino la kwanza la msumeno mpaka mwisho.

Na nilichokikuta ndani, loo! Nilitegemea mbao safi iliyofuata kamba. Nikakuta karatasi za magazeti, tabaka juu ya tabaka, zimebandikwa kwa gundi na vumbi la mbao, hapa nene, pale nyembamba, upande mmoja umevimba kuliko mwenzake. Hata mdomoni mafundo yangu mawili hayakulingana na kitu. Kamba ilikuwa ya kuanzia tu. Kazi yenyewe uliifanya baadaye.

Ndipo nikakumbuka asubuhi zile ulizonituma nikasimame mwisho wa barabara, ng'ambo ya msikiti. Wewe uko karakana unasema kwenye maikrofoni, sauti itokee kwenye pembe, "Moja, mbili, tatu," nami nipunge kanga kama neno halijanyooka. Nilikuwa nanung'unika, maharage yangu yanaungua. Nilidhani unawaringishia majirani. Kumbe kila nilipopunga, ulikuwa unabandika karatasi nyingine au unakwangua. Pembe nzima umeipima kwa masikio yangu, na hukuniambia! Kwa nini, Baba Hadija? Neno moja tu. Nisingelichokora kaburi lako. Nisingeligusa msumeno. Nimekukasirikia wewe uliyekufa, na nimechoka kukukasirikia.

Sasa nimeziunganisha zile nusu mbili kwa gundi na waya, lakini inatetemeka, maneno yanatoka kama ya kibogoyo. Nimejaribu kujipima peke yangu. Nasema moja, mbili, tatu, halafu natoka mbio barabarani kama mwendawazimu kuifuata sauti, nikifika haipo. Watoto wa mtaa wananicheka. Sina cha kuwapelekea Kibosho, na cha kwako nimekiharibu. Wallahi kuna saa natamani wangenipima mimi kwa ile kamba.

Lakini sikukuandikia ili nikuage kwa kilio tu. Kesho napanda Kibosho kwa miguu, nimweleze Mwalimu Aloisi ukweli machoni, Pasaka ipite kama itapita. Nikirudi nitamwomba mkwe wetu wa Kahe anipe Hadija kwa siku chache. Atakaa karakana aseme yeye, mimi nitasimama pale ng'ambo ya msikiti. Hofu yangu ni moja. Miaka yote ile, niliyekuwa namsikiliza ni wewe. Sijui kama nitalitambua neno lililonyooka likisemwa na mdomo mwingine.

Nitasimama hivyo hivyo. Nakuahidi nitapunga kanga mpaka bega liteguke, na siku nitakapoushusha mkono, watu wa nje watasikia.

Lala, Baba Hadija. Mola akupanulie nafasi.

Mkeo,
Mama Hadija