Sekunde Kumi na Moja za Jovina

Dodoma, Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaanza kusoma, kaa chini kwanza. Najua umesimama na jembe mkononi, na Baba Alinda amekukabidhi bahasha hii bila hata kushuka kwenye pikipiki. Mpe mume wangu maji ya kunywa, ametoka Murongo na vumbi lake lote, halafu ukae.

Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeiweka juu ya kabati inangoja wageni? Na migomba ya nyuma ya nyumba, mnyauko umerudi? Uliponiambia umeng'oa mashina manne niliumia, maana upande ule aliupanda marehemu Baba mwenyewe.

Sisi tupo, tunamshukuru Mungu kwa kiasi chetu. Alinda ameota meno mawili ya chini. Hayo meno ameyapata yeye, lakini usingizi uliopotea ni wangu. Mchana namwacha kwa jirani, mama mmoja Mgogo mwenye roho nzuri, saa sita naenda kumnyonyesha, narudi ofisini kwa miguu juani. Chakula tunapata. Tatizo ni ndizi. Hapa unauziwa vidole vitatu vimesinyaa kama vimetoka kuugua, na muuzaji anakuapia kwamba hizo ni za Bukoba.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu tunashindwana. Jumamosi nilipokuuliza kuhusu wageni waliokuja kumposa Jovina, ulinijibu, "Mdogo wako amekubali, mengine waachie wakubwa." Halafu mtandao ukakatika, au uliukata wewe, sijui. Barua haikatiki, Mama. Naomba uisome mpaka mwisho.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye haya ninayotaka kusema. Umeniuliza mara nyingi nafanya nini huku, nami nikawa nakujibu tu "kazi za kompyuta", mpaka ukawaambia watu wa jumuiya kwamba nachapa barua. Sichapi barua. Unawakumbuka wale waliopita Karagwe na Kyerwa na kamera, wakiwapiga video viziwi wanavyozungumza kwa mikono? Waliniajiri kwa sababu nilikulia na Jovina, najua ishara za kwetu ambazo watu wa mjini hawazijui. Kazi ni kuitazama ile video na kuandika chini yake kila kinachosemwa na mikono.

Ipo programu maalumu ya kazi hiyo. Wiki ya kwanza nilikaribia kurudi nyumbani kwa sababu yake. Kompyuta niliyopewa ilikuwa imejaa, ikaikataa. Nikafuta vitu, ikaingia, lakini video zikawa hazifunguki, skrini nyeusi kama chungu. Kijana wa mitambo akazibadilisha moja moja. Zikafunguka. Nikaweka kazi yangu kwenye flashi nikaimalizie kwenye kompyuta nyingine, kumbe nimechukua maandishi peke yake na video nimeiacha. Programu ikaniuliza video iko wapi. Nilikaa naitazama ile mistari yangu, maneno mengi, na hakuna mtu hata mmoja anayeyasema.

Sasa nimezoea. Video inakaa juu, chini yake kuna mistari kama ya daftari. Mstari wa mkono wa kulia, wa mkono wa kushoto, wa kichwa, na wa mwisho wa maana. Unakata kipande kidogo, unakirudia taratibu, mara kumi, mara ishirini, ndipo unaandika. Usipoona, hubuni. Unaandika "haionekani".

Msimamizi wetu ni Dada Rehema, naye ni kiziwi. Mkali kama pilipili, lakini siku Alinda alipokuwa na homa alimbeba mgongoni mchana kutwa huku anasahihisha kazi zetu. Amenikubalia nikueleze hili linalofuata, bila jina la mtu.

Nilipewa video ya mzee mmoja wa Kyerwa. Amekaa na mwanawe, na mwana anamsemea kwa sauti: "Mzee anasema hapa nyumbani ana raha, hataki kwenda popote." Nilikuwa nimechoka, Mama. Nikasikia sauti, nikaandika. Nikamaliza upesi kuliko wote, nikajiona hodari.

Dada Rehema akaja, akasoma, akanigusa bega. Akaniuliza kwa mikono, "Haya ni ya nani?"

Nikamjibu, "Ya mzee."

"Mzee yupi? Naona umeandika ya kijana."

Akachomoa waya wa spika, akauweka kwenye mkoba wake, akasema, "Masikio yako yanaila kazi ya macho yako. Anza upya."

Nikaanza upya bila sauti. Ilinichukua siku mbili. Yule mzee alikuwa anasema hivi: dada yangu yuko ng'ambo ya mto, nataka kumwona kabla hajafa. Wanangu wanasema nitapotea. Njia ile nilikuwa nachungia ng'ombe kabla huyu hajazaliwa. Ndiyo maneno yake. Na mwanawe si mtu mbaya, Mama. Anampenda, ukitazama unaona kabisa, anampangusa hata jasho. Ila amemsemea miaka mingi mpaka amesahau kumtazama.

Siku hiyo nilishindwa kula. Nilikuwa nakuwaza wewe, najiwaza na mimi. Tangu homa ile ilipomwondolea Jovina usikivu akiwa na miaka mitatu, mimi na wewe ndio tumekuwa mdomo wake.

Mama Devotha, jirani yako, alikuwa amenitumia video ya siku ya posa, ili nione wageni walivyojaa. Kesho yake, saa ya chakula, niliomba ruhusa nikaiingiza kwenye ile programu. Si kwa kazi ya ofisi, hapana, ni yetu, nimeshaifuta kule. Nikazima sauti.

Mshenga anasimama, anauliza. Wewe unamgeukia Jovina, unamwonyesha yule kijana, unauliza kwa mkono, "Umemwona?" Jovina anaitikia kwa kichwa, ndiyo. Mama, swali lilikuwa hilo tu. Amemwona, kweli, amekaa mbele yake. Wewe ukawageukia watu, na midomo yako naisoma hata bila sauti: "Amekubali." Shangazi akapiga vigelegele, watu wakasimama.

Jovina alikuwa hajamaliza. Mikono yake iliendelea kwa sekunde kumi na moja. Nimezihesabu kwenye mstari, programu haikosei. Sekunde kumi na moja anazungumza, na katika watu wote wale hakuna jicho hata moja lililokuwa kwake. Nimekuandikia hapa kama ninavyoandika kazini, sikuongeza wala sikupunguza:

"Ananitazama mimi hapana. Anakutazama wewe. Kwake wapi? Cherehani yangu?" Kisha mjomba alisimama akaziba kamera kwa mgongo, kama sekunde mbili hivi. Pale nimeandika "haionekani". Kisha: "Mama. Mama. Nitazame."

Halafu akaweka mikono mapajani.

Sisemi ulidanganya. Ningekuwa nimekaa pale, ningesema vilevile, na labda kwa sauti kubwa zaidi. Lakini mimi nimeona, na nikishaona siwezi kunyamaza.

Jumapili baada ya misa nilimpigia Jovina simu ya video kwa Mama Devotha. Usimkasirikie jirani, nilimwomba mimi. Nikamweleza Jovina nilichokiona, nikamuuliza, pale mjomba alipokuziba ulisema nini? Akasema, "Nilisema Mama anaogopa."

Nililia, na yeye akanicheka. Akaniambia nimenenepa mashavu, na kwamba Alinda ana kichwa cha baba yake, pole sana.

Unaogopa, Mama, tena najua unachoogopa. Umeachwa peke yako, mgongo unauma, na kila ukienda kuchota maji kuna mtu anakuuliza, "Huyo bubu wako ataolewa na nani?" Kwanza waambie si bubu, ni kiziwi, ana maneno mengi kuliko wao. Lakini woga wako naujua. Unaogopa ukifumba macho atabaki na nani. Amekuja kijana mwenye duka la mbolea, mwenye nyumba ya bati, anasema namtaka huyuhuyu. Mzazi gani asingeshika hapo? Nakuelewa kabisa.

Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia, na nikikuficha hili sina haki ya kukuambia yale mengine. Aliwahi kuja nyumbani mwalimu mmoja kutafuta watoto wa shule ya viziwi, ya bweni. Wewe ulikuwa shambani. Jovina alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mitatu. Mwalimu alimuuliza kama angependa kwenda. Jovina alisema, "Kesho. Niende kesho." Alishaanza kukunja gauni lake. Mwalimu hakuzijua ishara zetu, akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Anasema anaogopa kukaa mbali na Mama." Kwa nini? Kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu na madumu ya maji, kisimani na kurudi. Basi. Mwalimu akaandika, akaondoka. Ulipouliza jioni, nikasema wamekuja watu wa sensa.

Jumapili nimemwomba Jovina msamaha. Kumbe alijua siku zote. Alisema alisoma uso wa mwalimu ulivyobadilika. Miaka kumi na miwili ameishi na jambo hilo, ananifulia nguo, amenipokelea mtoto wangu wakati najifungua. Hakujibu kama amenisamehe. Alisema tutaongea nikirudi, na hiyo ni haki yake.

Sasa, Mama, wageni wanarudi Jumapili hii na pombe ya kuonja. Wewe na mimi tunajua desturi yetu. Rubisi yao ikishaguswa na midomo ya nyumba yetu, neno limefungwa, na kulifungua ni aibu kwa pande zote mbili. Kwa hiyo nakuomba, na hapa sikuombi kama mtoto anayeomba sukari: pombe isionjwe Jumapili. Ipokelewe kwa heshima, iwekwe pembeni na majani yake mdomoni mwa kibuyu. Wageni wape kahawa ya kutafuna, wape chakula, wasiondoke na njaa. Mjomba aseme tu kwamba binti ana maneno yake na tunaomba yasikilizwe kwanza. Hayo si matusi. Kama ni watu wa heshima watakaa. Wakiondoka kwa hilo, Mama, waache waende na pombe yao.

Na Jovina hajakataa. Nisikilize vizuri hapa, maana wewe ukishtuka hurukia mwisho. Hajakataa. Nimemuuliza kwa mikono, nikanyamaza, nikamtazama mpaka akaweka mikono chini. Amesema: "Simjui. Aje yeye mwenyewe, akae mbele yangu. Mama akae kando. Nina maswali matatu."

La kwanza, kama atajifunza kuzungumza kwa mikono, yeye na mama yake mzazi, au atakuwa anamwita kwa kumtupia kijiti. La pili, kama yeye Jovina ataendelea kushona, maana fundi wa pale senta amemwambia imebaki kidogo ajitegemee. La tatu amekataa kuniambia. Amesema ni la kwake na yule kijana. Usimuulize, na mimi sijauliza tena.

Nimezungumza na katekista, mke wake alifundisha viziwi Kayanga. Mke huyo amekubali kuja Jumapili akae kati ya Jovina na yule kijana. Yeye atasema kile mikono inachosema na hatapunguza. Wewe kazi yako siku hiyo iwe kumtazama mtoto wako tu. Utaona ana sura nyingine akijisemea.

Najua utakasirika, labda kwa siku mbili hivi. Kasirika, Mama, lakini Ijumaa umwite mjomba.

Mkataba wangu ukiisha nitarudi, na Alinda atakuwa anatembea. Wakati huo nitakaa nyumbani na tutajifunza wote, hata wewe, na usiniambie umezeeka.

Nisalimie mjomba, mwambie namheshimu na ndiyo maana nimemtwisha mzigo huu. Msalimie shangazi wa vigelegele, sauti yake tutaihitaji siku nyingine. Msalimie Mama Devotha na simu yake, na katekista na mkewe. Baba Alinda mwambie sweta la mtoto limefika, linamtosha, na asiendeshe pikipiki kwenye mvua kama mtu asiye na mke.

Jovina usimpe salamu zangu. Nimeshamsalimia mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Koletha, Mama Alinda