Viwanja Vitatu vya Pwani

Jumatatu, 4 Agosti
Umande mzito. Nimeburuta brauni zote tisa za uwanja wa gofu kabla ya saa moja. Brauni ni mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Ndiyo tunayozungushia mashimo, maana nyasi laini inataka maji na mashine tusizonazo. Mchezaji akifika hapo anavuta ubao mara moja kunyoosha njia ya mpira wake, ndipo apige. Miaka kumi na moja nawasawazishia. Kisha, wao wakiwa bado kitandani, mimi nacheza mashimo matatu, na fimbo nne alizoniachia daktari mmoja alipohamishwa. Leo shimo la nne nimelimaliza kwa mipigo minne. Hakuna aliyeona. Nimeona mimi.

Alhamisi, 7 Agosti
Kapteni wa klabu amenikuta na fimbo mkononi. "Mama Sharon, wafanyikazi hawachezangi hapa. Hii ni ya memba na wageni." Nikauliza mgeni anatakiwa nini. Akasema handikapu, ile namba ya kuonyesha kiwango cha mtu, kutoka uwanja unaotambulika. Akacheka. Akinikuta tena, kazi sina.
Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimempigia Sharon, binti yangu. Ni mpishi hotelini huko Pwani. Anasema kuna viwanja vitatu vilivyo wazi kwa kila mtu: kimoja juu ya majabali ya bahari, kimoja kwenye minazi, kimoja kando ya mikoko. Hakuna kuulizwa wewe ni nani. Ukileta kadi tatu za hesabu ya mipigo, zilizotiwa sahihi na mchezaji mwenzako, wanakuandikia handikapu. Kumbe ni hivyo tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda Malinya kwa dada yangu Khasandi. Mafahali wa mashindano walikuwa wamepigana asubuhi, watu bado wanapuliza filimbi barabarani. Nikamweleza. "Mama wa miaka hamsini na moja unafuata kampira na fimbo. Hata ng'ombe zinapigananga kwa sababu." Akanicheka mpaka akatoa machozi. Nikitoka akanifungia ingokho, kuku mzima wa kukaanga, wa safari. Dada yangu mdomo wake na mkono wake havijawahi kukubaliana.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeomba likizo. Nina siku za miaka miwili sijazigusa. Kapteni akauliza naenda wapi. Ningeweza kusema matanga. Nilisema naenda kucheza gofu. Akasema nikienda nisirudi.
Naogopa. Nitakula nini? Lakini ameniona miaka kumi na moja nimeinama, na alichokuja kukiona ni ile asubuhi moja nilisimama. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Naenda.

Jumamosi, 16 Agosti
Uwanja wa majabali. Bahari iko chini kabisa, buluu ya kuumiza macho. Nimepangwa kucheza na Mzee Bakari, aliyestaafu bandarini, kofia nyeupe, maneno machache.
Aibu ya leo niiandike iishe. Shimo la kwanza, mpira wangu uko kwenye nyasi fupi karibu na bendera. Nikatafuta ubao. Sikuuona. Basi nikaburuta kiatu toka kwenye mpira mpaka kwenye shimo, kunyoosha njia, kama kwetu. Wazungu wawili wakasimama kutazama. Mzee akasema taratibu, "Mama, huku hatufagii. Itabidi nikuandikie mipigo miwili ya adhabu." Nikapiga kwa nguvu ya mchangani. Mpira ukateleza, ukapita shimo, ukapita nyasi, ukaingia vichakani.
Mipigo mia moja na kumi na minane. Nilitaka kulia. Sikulia. Mzee akatia sahihi, akasema kesho niwahi.

Jumapili, 17 Agosti
Uwanja wa minazi. Sikwenda kanisani, Mungu ananijua. Upepo ulikuwa unabeba kila mpira wa juu, basi nikapiga chinichini, kama ninavyopiga kwetu kukwepa ng'ombe wanaokatiza. Mzee akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia ng'ombe. Mia moja na saba.
Jioni Sharon akanionyesha simu yangu. Kapteni ametuma picha ya barua. Nimefutwa kazi kuanzia kesho, mhuri, sahihi, kila kitu. Sharon alilia kuliko mimi. Nikamwambia atulie, bado kuna kadi moja.

Jumatatu, 18 Agosti
Uwanja wa mikoko. Kaa wekundu wanavuka njia. Sikuwaza barua hata mara moja, au labda mara mbili. Tisini na tisa. Mzee Bakari alivua kofia. Msichana wa ofisini akapiga hesabu, akanichapia kadi. Handikapu ishirini na tano. Ni namba ya mtu anayejifunza. Ni yangu.

Ijumaa, 22 Agosti
Nimerudi Kakamega, klabuni. Mvua ilinyesha jana, leo kumekauka. Brauni zina majani, hakuna aliyezigusa.
Nimekwenda meza ya mapokezi saa mbili, kama mgeni. Nimelipa, nimeweka kadi. Karani hakujua atazame wapi. Akamwita kapteni. Kapteni akaisoma mbele na nyuma, akasema wafanyikazi hawachezi. Nikampa barua yake, ile picha Sharon aliyonichapishia hotelini. Mimi si mfanyakazi. Ameandika yeye, ametia mhuri yeye. Akaikunja barua. Kisha akamsogezea karani kitabu cha wageni, akaingia ndani.
Kazi sina. Jumatatu nitaanza kutafuta.
Niliandika jina langu lote. Nikaenda shimo la kwanza, mchana kweupe, watu wakitazama kutoka kibarazani. Nilipiga. Mpira ulikwenda kulia kidogo, kwenye nyasi ndefu. Nikaufuata.