Ukurasa Nilioufunga

Tunduma, 16 Machi 2014

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Kamsamba tangu tuachane? Mimi na shangazi Tabita hatujambo, anakusalimu sana. Barua hii nampa Watson, kondakta wa basi la huko, akufikishie mkononi, maana najua simu bado hazishiki kwenu.

Nilifika salama Jumatatu, siku tatu baada ya kumzika baba. Ninakula, ninalala. Shangazi anasema nalala sana. Siku ya mazishi nilidhani nitalia nikifika huku, lakini sijalia. Sijui kwa nini.

Kazini wamenipokea vizuri. Bwana Yassir, mwenye kafe ya intaneti, alinipa pole akaniambia wiki hii nisizunguke kwa wateja, nikae mezani tu. Uliniuliza kazi yenyewe ikoje. Kuna kompyuta nane. Wanakuja madereva wa malori wanaosubiri kuvuka, wafanyabiashara wa upande wa Zambia, na wanafunzi wakitoka shule. Kwa ajili ya wanafunzi, Bwana Yassir ana orodha ya kurasa zilizofungwa. Jina likishaingia kwenye orodha, ukurasa huo haufunguki tena kwenye kompyuta yoyote kati ya hizo nane. Panatokea nafasi nyeupe na neno moja, "Umefungwa". Orodha hiyo sasa ameniachia mimi.

Alhamisi niliongeza blogu moja, inaitwa Mpakani Leo. Inaweka picha za ajali, watu hawajafunikwa. Sikuweza kumwambia Bwana Yassir kwa mdomo, nikamwandikia kwenye kikaratasi. Alisoma, akanitazama, akasema, "Funga, mwanangu. Funga yote."

Usijichoshe na shamba.

Mwanao,
Faith

*

Kamsamba, 27 Machi 2014

Mwanangu Faith,

Marahaba. Barua nimeipata, Watson kaileta na sabuni uliyotuma, ahsante. Mimi nipo. Joto ni lilelile, mpunga umeanza kuinama na ndege ni wengi. Watu wananiuliza naumwa wapi. Nawajibu siumwi popote, wanaona nawaficha.

Baba yako mkubwa Clement amekaa na wazee. Matanga yatamalizwa Jumamosi tarehe 31 Mei. Unaujua ukoo wetu. Siku hiyo mtoto wa kwanza wa kiume ananawishwa mikono mbele ya watu, kisha anakaa kwenye kiti cha baba. Asipokuwepo ananawishwa mwingine, na yeye anahesabiwa ametoka. Hata akirudi baadaye, anapokelewa kama mgeni. Baba yako mkubwa si mbaya, amesema atasubiri mpaka siku yenyewe. Zaidi ya hapo hawezi.

Kaka yako Jonasi ana miaka mitatu tangu agombane na baba yenu akavuka mpaka. Hajui kama baba amekufa. Mimi sina namba yake wala yeye hana yetu. Wewe unakaa na hiyo mitambo, na nasikia mtu akiwa hai lazima aonekane humo. Mtafute.

Mama yako

*

Tunduma, 13 Aprili 2014

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini homa ya mdogo wangu imepoa, Watson aliniambia. Sisi tuko salama.

Nimemtafuta Jonasi kila siku baada ya kazi. Nimeandika jina lake kwa namna zote, la kwake mbele, la baba mbele, kwa tahajia ya Kizambia. Wanatokea wengi. Mmoja ni mchungaji, mmoja amepiga picha na baiskeli, mmoja alikufa. Hakuna aliye wetu. Nimewapa pia madereva watatu wanaokwenda Ndola karatasi zenye jina lake. Niliwapa tu, sikuweza kuwaeleza vizuri. Mmoja alinicheka, akasema, "Binti, Zambia nzima nimtafutie Jonasi?" Lakini karatasi aliichukua.

Jana palitokea maneno hapa. Mwalimu mmoja wa sekondari alitaka kusoma Mpakani Leo, kwa sababu humo wanaandika pia foleni ya malori na habari za mahindi kuzuiwa kuvuka. Akakuta nafasi nyeupe. Akauliza nani amefunga. Nikasema ni mimi, kwa sababu ya picha.

"Picha siangalii. Mimi nasoma maneno."

Bwana Yassir akamjibu kutoka kwenye kiti chake, "Mwalimu, wewe utasoma maneno. Wanao wa kidato cha kwanza watasoma nini?"

"Wafunge macho wao, si mimi. Leo unanifungia ajali, kesho utanifungia nini?"

Wateja wakacheka, naye akacheka, akalipia akaenda zake. Nilifikiri sana maneno yao. Kila mmoja alikuwa sahihi wakati anasema. Ninachojua ni kwamba tangu nifunge, hakuna anayekaa nyuma yangu akitazama ajali na kuwaita wenzake. Naweza kukaa siku nzima kwenye kiti.

Pasaka sitakuja, zamu ni yangu. Nitaendelea kutafuta.

Mwanao,
Faith

*

Tunduma, 5 Mei 2014

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, lakini naandika kabla sijaishiwa nguvu ya kuandika. Ukiipata barua hii kaa chini kwanza.

Siti, dada anayeuza vocha mlango wa pili, ana simu kubwa ya intaneti. Simu za watu haziguswi na orodha yangu. Juzi alikuja akaniuliza, "Wewe, una kaka Kapiri, huko Zambia?" Nikasema sijui. Akanionyesha. Ilikuwa Mpakani Leo.

Mama, picha niliyoifunga ilikuwa ya baba. Alipigwa picha palepale kwenye mteremko alipopata ajali na gari, kabla hawajamfunika. Nilirudi kutoka kumzika nikamkuta kwenye kompyuta namba tano, watu wanne wamemwinamia. Ndiyo maana nilifunga. Sikukwambia kwa sababu sikutaka ujue ipo.

Chini ya picha watu huandika maoni yao. Tarehe 19 Machi, siku sita baada ya mimi kufunga, Jonasi aliandika. Nanakili kama alivyoandika:

"Huyu ni baba yangu. Mimi ni Jonasi wa Kamsamba, nipo Kapiri. Namba zote za nyumbani zilipotea. Aliyepo Tunduma amwambie mama yangu Marita nimeona. Nauliza kama naruhusiwa kuja. Nipo hapa mpaka Pasaka, kisha kambi yetu inahama. Nitaangalia jibu hapahapa."

Ameandika tena tarehe 22 Aprili, baada ya Pasaka:

"Mwezi mzima. Nyumbani wamesoma wakanyamaza. Nimeelewa."

Hakuandika tena. Namba ya simu hakuweka. Nilikuwa namtafuta kila jioni, mama, kwenye kompyuta hizo hizo, na mahali pekee alipokuwepo nilikuwa nimepafunga kwa mkono wangu. Siti alinishika bega akaniuliza kama nitaanguka. Sikuanguka. Nilirudi mezani nikamwandikisha mteja.

Sijamjibu bado, maana ruhusa anaiomba kwako. Niambie nifanye nini.

Faith

*

Kamsamba, 14 Mei 2014

Mwanangu Faith,

Marahaba. Mdogo wako kapona. Barua zako mbili nimezisoma.

Ile picha niliiona Machi, kabla hata Watson hajaniletea barua yako ya kwanza. Mnunuzi wa ng'ombe aliyetokea Mbozi alikuwa nayo kwenye simu yake, anawaonyesha watu mnadani. Hakujua mimi ni nani. Nilimwambia aishike vizuri nitazame. Nilitazama viatu. Kwenye picha anavyo vyote viwili. Waliotuletea mwili walimleta na kimoja, na nilikuwa nimekiwaza sana hicho kingine, kwamba huenda alijaribu kukimbia. Hakukimbia. Alikuwa amekaa kwenye usukani. Nikamrudishia yule bwana simu yake.

Kwa hiyo hukunificha kitu. Mimi ndiye nilikuficha wewe, nikidhani hujaona.

Kufunga kwako sikulaumu. Ningekuwa na uwezo huo ningefunga kabla yako. Lakini sasa fungua. Mwandikie palepale chini ya baba yake, andika hivi: Jonasi, hatukunyamaza. Tulikuwa hatuoni. Mama anakuita, matanga ni tarehe 31 Mei.

Halafu usije kwenye matanga. Watu watasema, waache waseme. Wewe kaa hapo uangalie.

Mama yako

*

Tunduma, 3 Juni 2014

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa shughuli. Shangazi Tabita amerudi jana, amenieleza yote. Amesema uliwaomba wasubiri mpaka jua lipungue, na baba mkubwa Clement akakubali, maji yakakaa pale kwenye beseni tangu saa nne asubuhi. Amesema saa kumi jioni akanawishwa mwanawe, Clement mdogo, na kwamba wewe ndiye uliyemshikia taulo. Hakuna ubaya, Clement mdogo ni mtu mzuri.

Mimi nilifanya ulivyoagiza. Nilifungua ukurasa tarehe 19 Mei na nikaandika maneno yako bila kuongeza. Bwana Yassir hakubisha. Siku ya pili wanafunzi wawili wa kidato cha kwanza waliipata picha, mmoja akatoka nje akatapika mlangoni. Bwana Yassir alimwaga maji pale. Mwalimu naye alikuja akasoma habari zake za foleni, akashukuru.

Kila siku nimefungua mara nyingi. Kuyafikia maoni lazima nimpite baba kwanza, yuko juu. Siku za mwanzo nilikuwa naziba kioo kwa kiganja. Sasa siku hizi sizibi. Jumamosi sikutoka kwenye kiti mpaka kafe ikafungwa. Saa kumi, mlipokuwa mnanawisha, nilikuwa naangalia. Watu wapya watatu walikuwa wameandika pole. Mmoja aliandika matusi. Jonasi hajajibu.

Chini kabisa ya ukurasa kuna namba ya watu waliotazama. Machi, kabla sijafunga, namba hiyo ndiyo iliyokuwa inanishinda, maana nilikuwa najua kila inapopanda kuna mtu mwingine amemwona baba hivyo. Leo asubuhi imepanda kwa kumi na saba tangu jana. Nimekaa nayo muda mrefu. Mmoja wa hao kumi na saba anaweza kuwa yeye, amesoma, hajui tu aandike nini.

Bwana Yassir ameniuliza kama turudishe kufunga, kwa ajili ya wanafunzi. Nimemwambia bado.

Mwanao,
Faith