Walizima Pampu Yako, Baba

Baba,

Ninaogopa. Ningeanza kwa salamu na habari za majirani, lakini wewe ulikuwa ukinisoma usoni kabla sijafungua mdomo, basi nisikuzungushe. Ninaogopa, na mtu niliyezoea kumwambia hivyo ni wewe.

Bustani yako ya maji imekufa. Karibu yote. Nimekaa uani katikati ya mabidoni, yale madumu uliyopandia mboga ndani ya maji bila udongo, na harufu ya mizizi iliyooza bado iko mikononi mwangu ingawa nimenawa kwa sabuni na ndimu.

Ilikuwa hivi. Siku tuliyokutoa nyumbani kwenda kukuzika, uani palijaa watu, na katikati ya kisomo kile kipampu cha umeme kinachopulizia mizizi hewa kikaendelea kunguruma na kutoa mapovu yake kama kawaida. Shangazi Mwavita, dada yako, unamjua, hata jogoo akiwika kwenye matanga yeye humkanya. "Mu nyumba ya kilio hakuna kelele! Muzime iyo kitu." Wakazima. Kwa heshima, Baba, kama wanavyozima redio. Mimi nilikuwa ndani na akina mama, nimelala chini kwenye mkeka, sikujua lolote.

Matanga yalipokwisha nikatoka. Lengalenga, mchicha wako, zilikuwa zimelala, majani yamenyauka, na chini yake maji tele. Asiyejua angesema zimekosa maji. Nikavuta mche mmoja, mizizi ikakatika mkononi, ina rangi ya chai na inateleza. Nikakumbuka ulivyozoea kuniambia: "Mizizi nayo inapumuaka, Salima. Maji yenye haina hewa inaiua, sawa muntu mwenye kuzama."

Na pampu yenyewe haiwaki tena. Ilikaa chini, chini ya usawa wa maji, na ilipozimwa maji yakarudi kwenye mrija yakaingia ndani yake. Fundi wa redio aliifungua, akaifunga, akanirudishia. Nyingine zilikuwa zinatoka mashariki, na siku hizi mashariki hakutoki kitu ila watu wanaokimbia vita, wamebeba magodoro kichwani. Wamejaa mjini. Wanasimulia kwa sauti ndogo, na kila wanachosimulia nakijua.

Unakumbuka ile vita yetu? Mji umezungukwa, treni haiji, na anayekwenda shamba anakwenda roho mkononi. Kaka Amisi alitoka asubuhi kung'oa mihogo kwenye shamba letu, kule nje ya mtaa wa Mikelenge. Hakurudi. Hata gunia lake halikurudi. Ulimfuata mpaka pale askari walipokurudisha kwa kitako cha bunduki. Ukaja, ukakaa mlangoni, ukanitazama mimi tu. "Kule usifike tena, unasikia? Tutakulaka apa apa mu nyumba."

Wewe fundi baiskeli, na baiskeli zote za mji zimechukuliwa. Ukakata mabidoni, ukayajaza makumvi ya mpunga na maji ya samadi ya mbuzi, uliyoyachuja kwa kitambaa kizuri cha Mama mpaka akanuna. Mboga zikaota, zikanyauka. Ukapanda tena, zikanyauka tena. Ndipo ukachukua pampu ya baiskeli, ukaifunga mpira wa serumu, ule wa kuwatilia wagonjwa maji, uliouomba zahanati, ukaanza kupuliza hewa chini ya mizizi, asubuhi hadi jioni. Nilikucheka. Nilisema Baba anazijaza mboga upepo kama tairi. Viatu vya askari vikipita barabarani mkono wako ulisimama, nasi sote tukabana pumzi, kisha ukaendelea. Tulikula lengalenga zile, tukabaki hai.

Tangu wakati ule sijakanyaga shamba. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na bado nikiiona njia ile nageuka nirudi. Uliponunua pampu ya umeme na paneli ya jua, watu walidhani umependa biashara ya mboga. Mimi nilijua kwamba hutaki mtu wa nyumba hii aende tena kule.

Nimejaribu kwa mkono, Baba. Pampu yako ya baiskeli bado ipo, ngozi yake nimeipaka mafuta ya mawese. Nikipuliza bidoni moja, mengine yanasubiri, na jua linapasha maji mpaka hewa haikai. Mkono umevimba. Haitoshi. Chakula sokoni hakishikiki, wageni ni wengi, na mbegu mpya hazitaota kwa sababu tu nina njaa. Watoto wameacha kuuliza tutakula nini. Hilo linanitisha kuliko kilio chao.

Iliyopona ni miche ya bilinganya kwenye lile bidoni linalovuja. Maji yalishuka yenyewe, nusu ya mizizi ikabaki ikining'inia hewani, myeupe, safi kabisa. Nilimwonyesha Shangazi, nikamweleza. Maskini, hakujua auweke wapi uso wake. Sasa ananiletea uji kila asubuhi na hana habari tena na kelele za mtu. Usimkasirikie.

Akina mama wa mtaa wanakwenda mashambani kwa kundi, wanatoka pamoja na kurudi pamoja. Jana mmoja aliniita: "Salima, shamba yenu iko pori tupu. Kuya na sisi." Nilirudi ndani nikatafuta sababu za kukataa, na sababu zote zilikuwa zile zile ulizonipa wewe.

Kesho nakwenda. Sijawahi kukuvunjia neno, Baba. Nisamehe kwa hili moja. Nadhani uliogopa kuliko mimi, ila woga wako ulitulisha, na wangu haulishi mtu.

Nitaibeba ile miche, niipande pale Amisi alipokuwa akichimba. Udongo ukilimwa vizuri una hewa yake, wewe mwenyewe uliniambia. Hakuna atakayekaa kuipulizia.

Ninakuahidi sitabaki nyuma ya wenzangu, na nikisikia mlio wowote nitatupa jembe nikimbie bila aibu. Mungu akupe usingizi mwema. Nikirudi sitapitia nyumbani kwanza. Nitakuja kaburini na tope langu miguuni, nisimame hapo mpaka nijue umeniona.

Mwanao,
Salima