Mkono wa Bwana Pettingill

Jumatatu, 9 Februari 1857

Orrin yuko nyumbani! Ndevu zimeganda barafu. Nimemgombeza kwanza, kisha nikalia. Seneta mzima kuacha kiti chake kwa ajili ya tumbo langu! Watoto wawili waliotangulia aliwakuta wameshazikwa, yeye yuko Augusta, kwenye Seneti. Huyu anayekuja hamkosi, anasema, hata Gavana amwite.

Binti yetu Roxana amemng'ang'ania shingoni. Wamezungumza kwa vidole mpaka supu ikapoa.

Jumanne, 10 Februari

Nimemuuliza: na mswada je? Shule ya watoto viziwi — miaka sita anaupeleka, miaka sita wanamcheka. Roxana wetu ana miaka tisa. Asiposoma sasa, lini? Kura ni Ijumaa, na safari hii pande mbili zinakabana koo.

Kumbe ameshikana mkono na Pettingill. Ndiyo desturi yao huko: ukiwa na dharura unatafuta mpinzani wako, mnapeana mikono, wote wawili hampigi kura, mizani inabaki ilivyo. Hakuna shahidi. Neno tu.

Pettingill! Aliyesema mbele ya Seneti nzima kwamba kumsomesha kiziwi ni kumwaga maziwa shimoni! Nikamwambia, mume wangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Akacheka. Ni mpinzani, akasema, si tapeli.

Alhamisi, 12 Februari

Theluji. Mgongo unaniuma. Orrin anapasua kuni kana kwamba tunatarajia majira mawili ya baridi. Nimemwambia arudi Augusta. Nyamaza, ule maharage yako, akasema. Nampenda mtu huyu mpaka nakasirika.

Ijumaa, 13 Februari

Uchungu umeanza. Bado unakuja na kuondoka — naandika katikati, hapa jikoni penye joto. Mkunga ameitwa.

Mlango umegongwa. Si mkunga — Pettingill! Pua nyekundu, kofia theluji tupu. Orrin akabadilika rangi.

"Wewe! Umefuata nini huku?"

"Nimekimbia, bwana. Wenzangu wamenivuta koti tangu jana: piga kura, Orrin hayupo, nani atakuuliza? Najijua, ningelainika. Nikaona dawa ni kuwa mbali na ule ukumbi." Akanigeukia. "Shemeji, usinitazame hivyo. Shule yenu bado siitaki."

Roxana akamvua kofia, akaikung'uta, akaiweka karibu na jiko. Kisha akamsemesha kwa vidole.

"Anasemaje?"

Nikajibu mimi.

"Anauliza kama una njaa."

Mzee akavuta kiti. Akakaa.

"Sasa nimjibu vipi?"

Roxana anamfundisha. Anamshika mkono, anaukunja, anaupeleka kwenye tumbo la mzee mwenyewe. Mzee anakosea. Roxana anacheka, anamrudisha mwanzo.

Orrin ameuliza kura zinapigwa lini.

"Sasa hivi," anasema Pettingill, bila kuondoa macho kwa mtoto. "Wanaita majina. Langu litakuwa limeshafika."

Mkono wake bado uko tumboni. Sasa amepatia. Roxana anakata mkate — uchungu huo tena, mkubwa huu, Orrin, njo—